Jua Lisilaumiwe: Majibu kwa Wanaoipinga Sola ya Maji Moto

Panda juu ya ghorofa yoyote ya Ruaka, Syokimau au Kitengela uangalie mapaa ya majirani. Matangi ya sola ya maji moto yapo kila upande: mengine yanang'aa, mengine yameinama, mengine yana mirija ya kioo iliyovunjika na hakuna aliyejali kuibadilisha. Hayo mabovu ndiyo yaliyowapa watu maneno. Anayejenga leo Nairobi, Kiambu, Eldoret au Arusha akitaja tu kwamba anafikiria kufunga sola, hakosi shemeji, jirani au fundi wa kumwambia aachane nayo. Madai yao nayachukulia kwa uzito, kwa sababu wengi wanaoyasema walitoa pesa zao na bado wakaoga maji baridi. Lakini mengi si kweli, na yale yenye ukweli ndani yake yanalibebesha jua makosa ya ufungaji.

"Julai hakuna jua Nairobi." Hili ndilo dai linalotajwa kwanza kila mara, na linastahili jibu la hesabu. Kwa wastani wa mwaka, kila mita ya mraba ya paa la Nairobi hupokea karibu yuniti 5 za nishati ya jua kwa siku. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hutanda na kiasi hicho hushuka, ila hakifiki sifuri, maana paneli hunasa pia mwanga unaopenya na kutawanyika kwenye mawingu.

Sasa chukua nyumba ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 40 za maji ya nyuzi 40, na maji yanaingia yakiwa na nyuzi 18 hivi. Kuyapandisha maji hayo yote nyuzi 22 kunahitaji yuniti 5 na kidogo. Paneli bapa ya mita za mraba 2.3, ikinasa nusu tu ya nishati inayoiangukia, hutoa zaidi ya yuniti 5 katika siku ya kawaida. Hapo umeshaoga. Siku ya Julai yenye wingu zito paneli hiyohiyo inaweza kutoa yuniti 3 tu, na maji yakabaki vuguvugu. Ndipo inapohitajika koili ya umeme iliyomo ndani ya tangi, lakini yenyewe inamalizia pale jua lilipoachia, haianzi mwanzo.

Kwa hiyo mtu akisema "Julai sola peke yake haitoshi," nitakubaliana naye, na kwa Limuru au Tigoni nitakubaliana naye hata kabla hajamaliza. Kanuni za Kenya za mwaka 2012 kuhusu sola ya maji zililijua hilo. Zilidai sola ikidhi angalau asilimia 60 ya mahitaji ya maji moto ya mwaka katika majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 kwa siku. Hazikudai asilimia 100.

Kinachowaponza wengi hapa ni swichi. Mtu anaiwasha koili Juni na kuiacha hadi Septemba, usiku na mchana. Alfajiri koili inachemsha tangi zima; jua linapochomoza linakuta maji yameshapata moto na halina la kufanya. Mwisho wa mwezi bili inapanda, na lawama inaenda kwa sola. Koili ifungiwe taima na iwashwe saa kumi na moja jioni, jua likishamaliza kazi yake, kwa muda unaotosha kufidia upungufu wa siku hiyo. Siku za jua isiwashwe kabisa.

"Ni ghali. Ni mambo ya matajiri." Bei ya kununua ni kubwa, sibishi. Lakini maji moto unayalipia tayari, kidogo kidogo, na ndiyo maana huoni jumla yake. Familia ile ya watu watano ikitumia shawa za umeme, inachoma karibu yuniti 150 kwa mwezi kwa kuoga tu. Sola ikichukua asilimia 70 ya mzigo huo, unaokoa zaidi ya yuniti 100. Kwa Kenya, tuseme yuniti moja ni shilingi 25. Hiyo ni zaidi ya shilingi 2,500 kila mwezi. Hata ukilipa shilingi 150,000 pamoja na ufundi, pesa yako imerudi ndani ya miaka 5, na paneli bapa nzuri iliyofungwa vizuri inaweza kuishi miaka 15 na kuendelea.

Kuna jambo jingine ambalo mabishano ya bei hulifunika. Tozo za umeme hupanda kwa madaraja. Kenya, tangu mwaka 2023, nyumba inayotumia zaidi ya yuniti 100 kwa mwezi iko daraja la juu la bei za majumbani. Tanzania, anayevuka yuniti 75 kwa mwezi hupoteza bei nafuu ya matumizi madogo, na tofauti ni kubwa. Shawa ya umeme ndiyo humvusha mtu mpaka huo. Ukiiondoa, hata taa, friji na televisheni zako zinaweza kurudi kwenye bei ya chini.

Wasiotumia umeme nao wanalipa. Kuyapasha maji ya familia hiyohiyo kwa jiko la makaa kunakula zaidi ya kilo 2 za makaa kila siku. Kwa gesi, mtungi wa kilo 13 unakwisha kabla ya siku 20, na hujapika ugali hata mara moja.

Ila nitasema wazi nani asinunue. Mtu anayeishi peke yake kwenye bedsita, anaoga mara moja kwa siku, hana haja ya tangi la lita 150 juu ya paa. Matumizi yake ni karibu yuniti 1 kwa siku. Itamchukua miaka mingi mno kurudisha pesa yake. Anayemuuzia hana huruma naye.

"Siku hizi nunua paneli za umeme tu, zitafanya kila kitu." Dai hili limepata nguvu kwa sababu paneli za umeme zimeshuka bei sana, na si la kupuuza. Paneli ya umeme hugeuza kiasi cha moja ya tano ya mwanga kuwa umeme, ilhali ya maji hunasa nusu au zaidi kama joto. Eneo lilelile la mita za mraba 2.3 linatosha paneli moja ya wati 450 au 500, na hiyo itakupa yuniti 2 hivi kwa siku njema. Utahitaji mbili au tatu ili zifikie kazi ya paneli moja ya maji.

Kama una nafasi ya kutosha juu ya paa, na tayari una paneli nyingi ambazo saa saba mchana betri zimeshajaa na umeme hauna pa kwenda, basi kuupeleka umeme huo kwenye koili ya tangi ni uamuzi mzuri. Waya hauvuji, wala haupatwi na kutu. Lakini wanaosema hivi mara nyingi wana picha tofauti kichwani: betri, inveta, halafu shawa ya umeme alfajiri. Shawa ya kilowati 5 kwenye inveta ya 3 itaizima inveta kabla hujajipaka sabuni. Na ukinunua inveta na betri za kubeba mzigo huo, umetumia pesa nyingi kuhifadhi umeme ili uugeuze kuwa joto, wakati tangi la maji lingehifadhi joto lenyewe kwa bei ndogo. Tangi lenye koti zuri la povu hupoteza nyuzi chache tu usiku kucha, hata umeme ukikatika mtaa mzima.

"Maji ya sola hayana presha, tena yanachelewa kufika." Presha ya maji yanayoshuka kwa uzito wake hutokana na kimo: kila mita 10 ni presha ya baa 1. Kama tangi lako la maji baridi liko mita 2 tu juu ya kichwa cha shawa, una baa 0.2, na shawa itachuruzika hata ukifungua maji baridi peke yake. Sola haikuleta udhaifu huo. Ilikupa tu sababu ya kuutambua. Inua tangi, au funga pampu na ununue tangi la sola linalohimili presha, kwa maana yale mepesi yenye mirija iliyochomekwa moja kwa moja hayaruhusu pampu kusukuma ndani yake.

Kuchelewa ni kweli. Bomba la robo tatu lenye urefu wa mita 15 linabeba lita 4 au 5 za maji yaliyopoa, nayo lazima yatoke kwanza. Mahali penye mgao wa maji hilo ni jambo la kuudhi kwa haki. Dawa yake hupatikana kwenye karatasi ya ramani, kabla ya jiwe la kwanza: bafu na jiko vikaribiane, tangi likae juu yake, na bomba la maji moto livishwe sponji ya kuhifadhi joto, hasa lile lililo nje juu ya paa. Nimeona nyumba ambapo sponji imevishwa kwenye bomba lililozama ukutani lakini mita 6 za bomba tupu zinapigwa na upepo wa usiku juu ya mabati.

"Zinaharibika haraka, hasa kwa maji ya chumvi." Anayesema hivi akiwa Kitengela, Athi River au Dodoma anajua anachosema. Maji ya visima vya huko ni magumu. Ukifungua tangi lililokaa miaka bila kuguswa, koili unaikuta imevaa gamba jeupe nene kama kidole, gumu, linalobanduka kwa vipande ukiligonga na bisibisi. Chini ya tangi kuna tope la chokaa. Na ile fimbo ya magnesiamu, iliyowekwa ndani ili kutu iile yenyewe na kuliacha tangi, imebaki uzi wa chuma cha katikati. Fimbo ikishaisha, kutu inahamia kwenye tangi.

Fimbo hiyo ni ya bei ndogo. Inafunguliwa kwa spana, inakaguliwa kila mwaka au miwili, na ikiisha inabadilishwa. Kati ya wenye nyumba ninaowauliza, wengi hawajawahi kuambiwa kwamba ipo. Tangi linalotoboka baada ya miaka 4 halikuuawa na teknolojia. Limekosa huduma ambayo hata gari chakavu huipata. Kwa maji magumu sana kuna mfumo wa mzunguko wa pili: kimiminika maalumu ndicho kinachopita kwenye paneli na kuyapasha maji ya tangi kupitia ukuta wa chuma, kwa hiyo mabomba membamba ya paneli hayapati chokaa. Mfumo huohuo ndio wa kununua Kinangop, Njombe na Makete, ambako sakitu huanguka. Usiku wa anga wazi paneli hutoa joto lake angani na kupoa kuliko hewa iliyoizunguka, na maji yanaweza kuganda ndani yake na kupasua mabomba hata kama kipimajoto cha nyumbani hakijafika sifuri.

Kericho na Nandi Hills nao wana sababu yao ya kuogopa, mvua ya mawe. Sehemu hizo ni kati ya zinazopigwa na mawe mara nyingi zaidi duniani. Kule sipendekezi mirija ya kioo. Paneli bapa yenye kioo kilichoimarishwa kwa moto hustahimili vizuri zaidi, na ikitokea kioo kikapasuka, tangi halimwagiki. Ilhali mrija mmoja wa zile za kuchomeka ukivunjika, maji yote ya tangi yanashukia kwenye mabati.

"Fundi yeyote wa bomba anaweza kuifunga." Hili husemwa na wanaoiunga mkono sola, na ndilo lililoleta hasara kubwa kuliko madai yote ya wapinzani.

Tuanze na uzito. Lita 200 za maji ni kilo 200. Ongeza tangi, paneli na stendi, unakaribia kilo 300 zikiwa zimesimama kwenye miguu minne. Kenchi za paa la kawaida zilipigwa hesabu ya mabati na upepo. Fundi anayefunga stendi juu ya mbao nyembamba katikati ya chumba bila kuongeza nguzo anaacha paa lipinde taratibu, na mwenye nyumba atagundua siku dari inapopasuka.

Halafu pembe. Nairobi iko kusini mwa ikweta kwa nyuzi 1 na kidogo. Jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini mwezi wa Juni na upande wa kusini mwezi wa Desemba, kwa hiyo paneli inayofaa hapa imelala, nyuzi 15 hivi, ikielekea kaskazini. Sasa angalia stendi nyingi za mirija zilizoko madukani: zimekatwa kwa nyuzi 45, zikafaa nchi zilizo mbali na ikweta. Fundi anaifunga jinsi ilivyotoka kwenye boksi, wakati mwingine ikielekea kusini kwa sababu huko ndiko barabara iliko na inapendeza kuonekana. Matokeo ni kwamba Juni, mwezi wa baridi wenyewe, jua la saa sita linaipiga paneli kwa mshazari wa nyuzi 70 na karibu theluthi mbili ya mwanga wa moja kwa moja inapotea. Mwenye nyumba hiyo ndiye atakayekuambia Nairobi hakuna jua.

Mabomba pia. PPR ni bomba zuri ndani ya ukuta, lakini mirija ya kioo isipotumiwa siku mbili tatu za jua kali huweza kuchemsha maji kabisa, na PPR hulainika kwa joto hilo. Mita za kwanza kutoka kwenye tangi ziwe za shaba au za GI. PPR iliyo nje bila kufunikwa nayo huliwa na jua lenyewe, ikakauka na kupasuka. Bomba la kutoka kwenye paneli kwenda kwenye tangi lipande moja kwa moja bila kushuka popote, kwa sababu maji husafiri kwa wepesi wa joto lake tu, bila pampu, na kiputo kimoja cha hewa kwenye kona iliyoinuka kinasimamisha kila kitu. Hapa ndipo pima maji inapohitajika juu ya paa, na ndipo inapokosekana. Bomba la kupumulia lipite kimo cha tangi la maji baridi. Likiwa fupi, linamwaga maji moto juu ya paa na mwenye nyumba anashangaa maji yanakokwenda.

Vali ya kuchanganya ndiyo inayoachwa mara nyingi zaidi ili kupunguza bei, na inaniuma kuliko zote. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima ndani ya sekunde chache, na ya mtoto mapema zaidi. Wakati huohuo si vizuri kuweka tangi liwe na nyuzi 40 daima, maana bakteria wa Legionella hustawi kwenye maji ya vuguvugu. Tangi linapaswa kufikishwa nyuzi 60 mara kwa mara. Jibu ni kuhifadhi maji yakiwa moto na kuyachanganya na ya baridi kwenye vali kabla hayajafika bafuni. Nyumba yenye watoto isipewe funguo za sola kabla vali hiyo haijafungwa.

Kwa hiyo muulize fundi akuonyeshe nyumba aliyofunga miaka mitatu iliyopita, uzungumze na mwenyewe yeye akiwa hayupo.

"Ni kitu kipya, bado wanajaribu." Clarence Kemp alipata hataza ya hita ya maji ya jua huko Baltimore mwaka 1891. Mwaka 1909 William Bailey wa California alitenganisha paneli na tangi lenye koti la kuhifadhi joto, na huo ndio mpangilio ulio juu ya mapaa ya Ruaka leo. Israel iliufanya kuwa sheria kwa nyumba mpya mwaka 1980 na leo nyumba nyingi sana za huko huoga maji ya jua. Cyprus na Barbados nako hita hizo zimeenea.

"Pwani haihitajiki." Kwa kuoga, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, nakubali kwa sehemu kubwa. Mwenye mzazi mzee au mtoto mchanga atahitaji maji ya moto kidogo, na tangi la lita 100 linamtosha. Hoteli, zahanati na kituo cha kujifungulia wazazi ni habari nyingine. Huko maji moto hutumika mwaka mzima na jua lipo.

"Nyumba ya kupangisha haina haja, anayefaidika ni mpangaji." Hapa kuna ugumu wa kweli. Mwenye nyumba ndiye anayenunua, na bili inayopungua ni ya mwingine. Kanuni za 2012 zilijaribu kuukata ugumu huo kwa kumzuia msambazaji wa umeme asiunganishe jengo ambalo halijafunga sola, lakini ujenzi uliendelea na majengo mengi yaliendelea na shawa za umeme. Hata hivyo mwenye nyumba naye ana lake. Jengo la nyumba 16 likiwa na shawa za kilowati 5 kila moja, na watu wote wakijiandaa saa kumi na mbili asubuhi, linahitaji nyaya nene, swichi kubwa na wakati mwingine transfoma. Mitambo hiyo anailipia yeye. Shawa ambayo waya wake wa ardhi haukufungwa ni hatari kwa mpangaji, na kesi yake itamfikia mwenye jengo.

Asiye na pesa za sola leo afanye jambo moja akiwa bado anajenga. Kabla ya plasta, alaze bomba la maji moto kutoka kila bafu na jiko hadi juu ya paa, bomba la maji baridi la kupanda, na paipu tupu ya waya wa koili. Aongeze na nguzo chini ya kenchi mahali tangi litakapokaa. Gharama yake wakati huo ni ndogo, kazi ya siku chache za fundi na vipande vya bomba. Ukuta ukishapigwa rangi na vigae vya bafu vikishabandikwa, kazi hiyohiyo ni ya kubomoa.